Kidole Kwenye Neno

Mwalimu aliniambia kwamba mwanangu hajui kusoma, na mwanangu mwenyewe amesimama hapo hapo, daftari kifuani, anasikia kila kitu. Hakumtoa nje kwanza. Hakushusha sauti. Alisema, "Mama, huyu itabidi akariri darasa," kama mtu anayekwambia mchele umeisha, pita kesho.

Ilikuwa Mikumi, mwaka wa shule unaelekea kufungwa, saa ya mapumziko, watoto wanakimbizana uwanjani na vumbi linaingia mpaka ofisini. Nilikuwa nimeiacha meza yangu ya bagia kule stendi, mikono inanuka vitunguu, kanga imejaa unga wa dengu. Nikamuuliza hajui kusoma kivipi. Akanionyesha orodha. Watoto wote wa darasa la pili walikuwa wameitwa mezani mmoja mmoja. Unapewa ukurasa wa kitabu, mwalimu anafungua saa kwenye simu yake, unasoma dakika moja, na maneno uliyosoma yanahesabiwa. Wengi walifika chini ya ukurasa au karibu na chini. Wangu aliishia mstari wa pili.

"Anaanza vizuri," mwalimu akasema. "Halafu anasimama. Ananiangalia tu."

Mwalimu yule ni binti wa umri wangu, pengine mimi ndiye mkubwa kwa mwaka mmoja. Mpole, nguo zimepigwa pasi, hana neno baya na mtu. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa busara. Nilimshika mwanangu mkono nikatoka naye, na tulipofika nyumbani nikamchapa. Naliandika hili mapema ili mtu asije akasema nimejisafisha. Nilimchapa makofi mawili kwa sababu niliaibika, na kwa sababu niliogopa.

Niliogopa nini, nitasema. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Shule ya msingi nilikuwa mtu wa mbele, pale Kilosa, najibu kabla swali halijaisha. Nilipoingia kidato cha kwanza vitabu viligeuka Kiingereza kwa siku moja, kama mtu kaingia chumbani akazima taa. Ukurasa mzima, maneno ninayoyajua hayazidi vidole vya mkono mmoja. Siku ya kwanza niliuliza. Darasa likacheka. Siku ya pili sikuuliza, wala ya tatu, wala miaka yote iliyofuata. Nilikariri mistari nisiyoielewa, nikaiandika kwenye mtihani kama nilivyoikariri, na matokeo yalipotoka yalisema ukweli kuliko mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto amekwama kwenye maneno, mimi sisikii habari za shule. Nasikia mlango ule ule ulionifungia mimi, na sasa unamfungia wa miaka minane.

Kesho yake mchana alikuwa amekaa chini ya meza yangu pale stendi, kama kawaida yake akitoka shule. Malori yamejipanga pembeni ya lami, madereva wanataka bagia za moto, mimi nakaanga, nafunga, nakaanga, nafunga. Karatasi za kufungia nazitoa kwa mama yangu. Mama anakaa Mabwerebwere, Kilosa, na kazi yake ndiyo hiyo: anakusanya vitabu vichakavu, madaftari yaliyojaa, makaratasi ya maofisini, anapima kwenye mizani, anatuuzia sisi wauza bagia, karanga na vitumbua. Gunia linapandishwa kwenye basi, nalipokea Mikumi. Kazi ya mwanangu ni kuchana kurasa na kuzipanga. Na anapozipanga, anazisoma kwa sauti. Alikuwa akifanya hivyo tangu aje kukaa na mimi, na masikio yangu yalikuwa yamezoea, kama yanavyozoea mafuta yakichemka.

Siku hiyo nilisikia. Alikuwa ameshika ukurasa wa kitabu cha zamani, karatasi imekuwa ya kahawia, hadithi ya mchukuzi wa stesheni aliyepakia mzigo wa mtu kwenye behewa silo, treni ikaondoka nao. Anasoma haraka, anabadilisha sauti: mchukuzi anaomba, mwenye mzigo anafoka, mkuu wa stesheni anakohoa. Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri akaniambia, "Dada, usinifungie na hiyo kwanza. Nataka nijue mzigo uliishia wapi."

Niliepua karai.

"We," nikamwambia mwanangu, "mbona unasoma?"

Akaniangalia kama mtu anayemwona mama yake ana homa. "Nasoma kila siku, mama."

Nikatoa kitabu chake cha shule kwenye mkoba, nikamwambia afungue ukurasa ule aliopimiwa, asome. Mstari wa kwanza aliupita vizuri. Mstari wa pili ulikuwa na neno miundombinu. Alilisoma, silabi zote, hakukosea hata moja. Halafu akaweka kidole juu yake, akaniangalia, akanyamaza.

"Endelea."

"Hili silijui."

"Si umeshalisoma? Endelea."

"Bibi anasema nisipite."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze na karai langu. Mwanangu alilelewa na mama yangu mpaka mwaka jana, wakati mimi nahangaika kupata meza Mikumi. Mama alimfundisha kusoma kwenye zile karatasi kabla hajafika darasani, kwa sheria moja tu: neno usilolijua unaliwekea kidole, na kidole hakiondoki mpaka mtu mzima akuambie maana. Bibi asipojua, wanakwenda kwa jirani. Jirani asipojua, wanakwenda msikitini au kwa fundi redio, mradi kidole kisitoke bure. Mtoto hakuwa ameshindwa kusoma. Alikuwa amekaa mbele ya mwalimu, kidole kwenye neno, anasubiri mtu mzima afanye kazi yake. Na mtu mzima alikuwa anaangalia saa.

Nilimwomba mwanangu samahani pale pale. Dereva alikula bagia zake kwenye sahani, akaondoka na ukurasa wa mchukuzi mfukoni.

Nilitaka kwenda kumvaa mwalimu jioni ile ile. Kilichonizuia ni swali. Kama sheria ya bibi inasimamisha kidole, mbona hakikusimama kwenye hadithi ya mchukuzi? Kitabu kile ni kizee kuliko mimi. Kitabu cha shule ni kipya, kina rangi, kina herufi kubwa. Kipi hasa ni kigumu? Orodha ya wanaokariri ingesomwa kwenye kikao cha wazazi wiki iliyofuata, na ikishasomwa imesomwa. Jumamosi nikamwacha mtoto kwa jirani, nikaenda Kilosa.

Nilipita Ulaya, kijiji cha njiani, siku ya gulio, baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi mpaka huoni mwendeshaji, na njia nzima nilikuwa nagombana na mwalimu kichwani. Nikishinda kila mara. Nilipofika Mabwerebwere, mama alikuwa anapima madaftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Mjukuu wangu nani kamchapa?"

Sikumuuliza kajuaje. Mjukuu ana namba ya bibi kichwani na jirani yangu ana simu. Nikamweleza yote. Mama hakuacha kupima. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikumfundisha kukimbia. Wangeniambia wanataka akimbie, ningemfundisha na hiyo."

Tulimwaga magunia yote kwenye mkeka. Nikachagua vitabu vya kusomea vya darasa la pili na la tatu, vilivyochanika na vizima, nikavipanga kwa uzee wa vitabu vyenyewe: vya enzi za mama upande wa ukutani, vya enzi zangu katikati, vipya mlangoni kwenye mwanga. Kisha nikapiga magoti nikasoma. Sina cheti cha kazi hiyo. Nina macho, na nilikuwa na hasira, na hasira inasoma vizuri sana.

Vitabu vya enzi za mama vina sentensi ndefu, unavuta pumzi mara mbili kabla ya kufika nukta. Maneno yake mengine yameshakufa. Karani wa mizani, mchukuzi, taa ya chemli, ghala la pamba. Nikamuuliza mama mwanangu alijuaje chemli. Akainama, akavuta chemli chini ya kitanda, imejaa kutu. "Aliniuliza, nikaiwasha." Na behewa? "Si tulikwenda stesheni tukalishika." Babu yangu aliletwa huku na kazi ya reli, sisi tumezaliwa tunasikia honi, kwa hiyo mchukuzi kwetu si neno gumu, ni ndugu. Nikaanza kuona. Maneno ya vitabu vile yalikuwa magumu, lakini kila moja lilikuwa na kitu nyuma yake. Unaweza kukitafuta, ukakivuta chini ya kitanda.

Vya enzi zangu vilinichekesha. Sentensi fupi kama amri za askari. Fulani anafanya hivi, fulani anafanya vile, mama siku zote yuko jikoni. Picha nusu ya ukurasa. Nilikumbuka nilivyokimaliza kitabu kama kile kwa siku chache, nikajiona msomi, hakuna neno hata moja lililowahi kunisimamisha. Hakuna aliyenizoesha kusimama. Nilipofika kidato cha kwanza nikasimamishwa na kila neno kwa mpigo, sikujua hata kidole unakiweka wapi.

Kisha vile vipya. Sitavisema vibaya kwa kila kitu. Vina bodaboda, vina simu, vina mama ambaye ni daktari na baba anayeosha vyombo, na hilo lilinifurahisha. Sentensi bado fupi. Lakini katikati ya sentensi fupi amesimama mtu mzima aliyevaa suti: miundombinu, rasilimali, changamoto, utunzaji, ushirikishwaji. Sentensi ina maneno manne na mawili kati yake huwezi kuyashika. Ukikitazama kwa mbali utasema kitabu rahisi sana, mistari mifupi, herufi kubwa, picha za rangi. Ndivyo anavyokiona mwalimu. Kimerahisishwa kwa macho, kimekuwa kigumu kwa kidole.

"Haya ni maneno ya mkutano," mama akasema, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi. "Mtoto wa miaka minane anahutubiwa nini?" Kisha akaweka kidole. "Hili nalisikia redioni tangu nikiwa msichana. Rasilimali. Wewe umesoma, niambie."

Nikasema ni mali... mali za asili, yaani rasilimali za nchi.

"Umenirudishia neno langu," mama akasema, na kidole hakukitoa.

Nilikaa pale na cheti changu cha kidato cha nne, nakitazama kidole cha mama. Neno nimelisikia maisha yangu yote, nimeliitikia kwa kichwa, nimelipita. Pale ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Mwalimu hakuwa peke yake. Sisi sote tulikuwa tumejifunza kupita, na mtoto mmoja aliyekataa kupita ndiye tuliyemwandika kwenye orodha ya wajinga.

Nilirudi Mikumi na gunia. Siku zilizobaki nilifunga bagia kwa mkono mmoja na kufundisha kwa mwingine. Kitabu chake cha shule tulikipitia ukurasa kwa ukurasa, na kila neno lililosimamisha kidole nililiandika kwa kalamu nene nyuma ya karatasi ya kufungia. Sikuruhusiwa kueleza neno kwa neno jingine la suti. Hiyo ilikuwa sheria yangu mimi, ya kujiadhibu. Nilimuuliza dereva wa lori, nilimuuliza nesi aliyekuja kununua vitumbua kwa jirani, nilimpigia mama.

Miundombinu tuliikuta Kilosa: ile mito ikijaa, daraja likienda, reli ikifunikwa tope, kile kilichoondoka mpaka watu hawapiti ndicho hicho. Akaelewa saa hiyo hiyo, mafuriko anayajua. Utunzaji ni bibi na miwani yake yenye uzi. Changamoto ilinisumbua, kwa sababu kila nilipoigeuza niliona ni shida tu.

"Ni shida," nikamwambia mwishowe, "iliyovaa tai."

"Kwa nini imevaa tai?"

"Inakwenda kikaoni."

Rasilimali ikawa mto, msitu, udongo, wanyama wa hifadhini, vitu ambavyo hakuvitengeneza mtu na vinatulisha wote. Neno hifadhi halikumsumbua hata kidogo, mtoto gani wa Mikumi hajui hifadhi, tembo wanavuka lami magari yanasimama. Akauliza kama bagia ni rasilimali. Nikamwambia bagia ni zangu.

Jambo moja lilinishinda. Nilimwambia siku ya kusoma mbele ya mwalimu asisimame, hata akikuta neno jipya. Akatikisa kichwa. Bibi kasema. Nikamwambia mimi ni mama yake. Akasema bibi ni mama yangu mimi. Moyoni sikutaka kumshinda. Lakini dakika ni dakika.

Kikao kilikuwa darasa la tano, wazazi tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa mbao. Mbele amekaa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mkulima wa mpunga, mtu wa kofia na fimbo, anayeheshimika na anayejua kwamba anaheshimika. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa pembeni yake na orodha. Mwalimu mkuu alisema machache kuhusu matundu ya choo, kisha orodha ikaanza kusomwa, jina la mtoto na mzazi anageuziwa macho. Kabla halijafika la kwangu nikasimama.

"Shikamoo mzee. Shikamooni wazazi."

"Marahaba. Mama, maswali mwishoni."

Nikasema si swali, ni ombi. Nikaeleza kifupi habari ya kidole. Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mambo ya kitaalamu tuwaachie walimu, sisi wazazi tununue madaftari. Hapo ningeweza kukaa. Miaka yote ya sekondari nilikaa. Nikatoka dawatini, nikampelekea kitabu cha darasa la pili, nikamwomba kwa adabu zote atusomee ukurasa ule waliopimiwa watoto.

Alisoma vizuri mno, sauti ya kutangazia, nukta zote mahali pake. Wazazi wakampigia makofi. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango, na sikumtuma, naapa. Alikwenda mpaka mezani, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Shikamoo babu. Hili maana yake nini?"

Mzee akaangalia. "Miundombinu. Hiyo ni... miundombinu. Ya barabara na nini."

"Na nini?"

Kutoka dawati la nyuma sauti ya mama mmoja ikasema polepole, "Mzee naye akariri."

Sijawahi kusikia wazazi wakicheka vile shuleni. Mzee mwenyewe alijikaza, kofia ikatikisika, kisha akashindwa akacheka na sisi, akajifuta macho. Aliyekuwa hacheki ni mwalimu. Alikuwa anamwangalia mwanangu, anakiangalia kile kidole, na niliona uso wake unarudi nyuma siku ile ya mezani, yeye na simu yake, mtoto anamwangalia.

Akasimama. "Nitampima tena," akasema. "Hapa hapa. Lakini ukurasa nachagua mimi, na saa inakimbia kama ilivyokimbia kwa wenzake."

Nikasema ndiyo hivyo hivyo ninavyotaka. Sikutaka huruma yake.

Alifungua karibu na mwisho wa kitabu. Niliuona ule ukurasa kwa mbali, nikaujua, na nikajua kwamba wiki haikututosha, kule hatukufika. Akabonyeza simu. Mwanangu akaanza.

Alikimbia. Kidole cha kulia kinateleza chini ya mistari, sauti inasikika mpaka dirishani. Akakuta changamoto, akaipita huku anatabasamu. Akakuta rasilimali, akaipita. Mstari wa nne, wa tano. Kisha akasoma mustakabali, silabi zote, na kidole kikasimama. Sikumwelezea neno lile. Hata ningefika ukurasa ule sidhani kama ningeliweza. Akainua macho, akamwangalia mwalimu. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, saa yake mwenyewe imemfunga. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika ubao wa dawati kwa mikono miwili. Sekunde zinakwenda, nami nazisikia zinavyokwenda, na sikuweza kusema pita. Sikuweza.

Mwanangu akaangalia kidole chake. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole cha kushoto juu ya lile neno, pale pale, akakikandamiza. Na kile cha kulia akakiachia kiendelee.

Alisoma mistari yote iliyobaki vile, mkono mmoja umebaki juu kwenye ukurasa, mwingine unakimbia chini, mwili umejipinda kama mtu anayeshikilia mlango kwa mguu huku anafikia kitu mbali. Akafika nukta ya mwisho. Mwalimu bado ameshika simu. Dakika ilikuwa haijaisha.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu mwanangu alikuwa hajamaliza. Kidole cha kushoto kilikuwa bado mahali pake.

"Mwalimu," akasema, "na hili?"

Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Akafikiri. Naliandika hilo kwa heshima zote: alifikiri, hakumrudishia neno lake. Akamwambia, "Ni zile siku ambazo hazijafika. Wewe ukiwa mkubwa, utakavyokuwa."

Mwanangu akatoa kidole.

Ndipo makofi yakaja, na vigelegele vya yule mama wa nyuma, na mwenyekiti anagonga fimbo sakafuni akijifanya anatafuta utulivu. Mwalimu alichukua kalamu akakata jina kwenye orodha mbele ya macho yetu, mistari miwili. Sikulia. Watu wamesema nililia, ni vumbi. Nilibaki nimesimama, nikasema orodha bado ina majina, nani anajua wangapi wamesimamishwa na neno na wangapi kweli hawajui kusoma? Mwalimu mkuu akaanza kusema habari ya muda. Mwalimu wa darasa akamkatiza yeye mwenyewe, akasema wote atawarudia wiki ijayo, na kabla ya saa kufunguliwa mtoto ataulizwa ni neno gani halijui. Wengine walipanda. Wengine walikariri kwa haki, na mzazi wa mmoja wao alinishukuru, maana sasa alijua mtoto wake amekwama wapi hasa.

Zile karatasi zangu za maneno, zenye alama za mafuta ya bagia, mwalimu aliziomba. Zimebandikwa ukutani darasa la pili. Shida iliyovaa tai ipo, nilitaka kuikata, akakataa. Siku hizi anaanza somo kwa maneno kwanza, hadithi baadaye, na vitu vinaletwa darasani ikiwezekana. Chemli ya mama imesafiri kutoka Mabwerebwere ndani ya gunia la karatasi, ikakaa mezani kwa mwalimu wiki nzima.

Mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Kitabu chake kipya tumekifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na kina maneno ya suti mengi kuliko kile cha kwanza, wala siogopi tena. Anakaa chini ya meza yangu pale stendi, vidole viwili kwenye ukurasa, cha kulia kinakwenda na cha kushoto kinasubiri. Madereva wamemzoea. Dereva akitaka bagia anaulizwa neno kwanza, na asiyejua anaambiwa amuulize mwenzake wa lori la nyuma. Juzi walikuwa watatu wanabishana neno moja pembeni ya lami, injini zinanguruma, bagia zinapoa, na mimi sikuharakisha mtu.

Na kwenye lile gunia la Kilosa nilikuta kitabu changu cha kidato cha kwanza, cha Kiingereza, jina langu kwa wino ndani ya jalada. Kurasa safi, hakuna alama ya kidole hata moja. Hicho sikukichana. Jumatatu mwalimu alipita kununua bagia za kwenda nazo nyumbani. Nikamfungia vizuri, nikafuta mikono kwenye kanga, nikakitoa chini ya meza, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.

"Mwalimu," nikamwambia, "na hili?"

Akavuta kigoda akakaa.